Mto wa Nne wa Papa Gaspard

Juma lililopita tulimzika fundi Ramazani. Alifariki alfajiri, na baada ya sala ya adhuhuri alikuwa ameshalazwa kaburini, maana Waislamu hawachelewi. Lakini matanga yaliendelea uani kwake, mtaa wa Kamalondo, kwa siku tatu, na mimi nilikwenda siku zote tatu. Walinipa kiti cha plastiki mbele kabisa, chini ya turubai, pamoja na wazee wenzangu. Kila baada ya muda mfupi nilisimama, nikashika mgongo wa kiti, nikainua visigino mara kadhaa, kisha nikatembea polepole hadi mlango wa jikoni na kurudi. Siku ya pili kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, aliinama sikioni pangu kwa adabu. Anafanya kazi benki, anakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, na tayari ana tumbo la mtu wa miaka hamsini. “Papa, kuko shida? Nikuonyeshe choo?” Nikamwambia hakuna shida, ninasimama tu, na aliyenifundisha kusimama ni babu yake anayeliliwa pale. Mdomo ulibaki na adabu, lakini macho yalinicheka. Alirudi kwenye kiti chake, na tangu asubuhi hadi chakula cha mchana sikumwona akiinuka hata mara moja. Nikajua kwamba habari ya mwaka ule hakuna aliyemsimulia, na wa kuisimulia nimebaki mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mji wetu huu wa Katanga ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, uhuru ulikuwa bado neno la kunong'ona, na mimi nilikuwa nimeajiriwa karani katika kampuni moja ya usafirishaji ambayo imeshakufa, na jina lake naliacha lilale nayo. Ofisi ya makarani weusi ilikuwa nyuma ya jengo, upande wa reli. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha matatu yasiyofunguliwa kwa sababu ya vumbi, saa ya ukutani iliyokuwa ikitangulia, na harufu ya wino, ya mafuta ya nywele, na ya watu saba waliovaa tai kwenye joto la Oktoba. Kazi yetu ilikuwa kunakili hati za mizigo: saruji hii inakwenda wapi, chumvi ile imetoka wapi, behewa gani limefungwa na nani. Tulinakili kuanzia asubuhi hadi saa sita, tukaenda kula, tukarudi kunakili hadi jioni. Mkuu wa ofisi alikuwa Mbelgiji mwembamba ambaye sisi tulimwita Kengele. Alikaa nyuma ya ukuta wa kioo na kengele ndogo ya shaba mezani, na kila alipoona kiti kitupu aliigonga mara mbili. Maana yake: rudi ukakae. Hata mtu aliyekwenda haja alirudi mbio huku akifunga mkanda.

Ili mtu aelewe yaliyotokea ni lazima niseme habari za meza zile. Zilikuwa za mbao nyeusi, zimeinama kidogo upande wa mbele, na kimo chake kilimfika mtu aliyesimama kwenye viwiko. Viti vyetu vilikuwa viti vya kawaida. Karani mgeni akikaa bila kitu chochote chini yake, alionekana kama kichwa kilichosahauliwa mezani. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na mto. Mgeni alianza na gunia lililokunjwa. Akishathibitishwa kazini, jamaa zake walimshonea mto wa kwanza, uliojazwa sufi, na siku anauleta makarani wote tuliukalia kwa zamu, mmoja mmoja, ili kuupasha moto, halafu ndipo mwenyewe akakabidhiwa. Baada ya miaka mingi alipata wa pili. Mitatu alikuwa nayo mtu mmoja tu, Papa Gaspard, mkubwa wetu. Alipanda juu yake asubuhi kama mtu anayepanda kitanda, na viatu vyake vyeusi, vilivyopigwa rangi hadi kung'aa, vilining'inia hewani bila kugusa sakafu mpaka saa sita. Sisi vijana tulivitazama viatu vile kwa wivu. Tulidhani huo ndio ukubwa.

Papa Gaspard alikuwa mtu wa makamo, kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye hati nzuri kuliko watu wote niliowahi kuwaona wakiandika. Alinipokea kazini kama mwanawe. Alinionyesha namna ya kushika kalamu bila kuchoka, namna ya kukausha wino, namna ya kumjibu Kengele bila kudanganya wala kusema yote. Na siku nilipoleta mto wangu wa kwanza alinikalisha pembeni akanisimulia habari za viti. Alipoanza kazi, karani mweusi hakuwa na kiti. Wazungu walikuwa wameletewa meza mpya za chini, zile za zamani wakapewa weusi, na weusi walinakili wamesimama siku nzima, mwaka hadi mwaka. Gaspard aliomba kiti. Mkuu wa wakati ule alimjibu kwamba mweusi akikaa husinzia. Aliomba tena Jumatatu iliyofuata, na Jumatatu nyingine, na kila Jumatatu kwa mwaka mzima. Alinyimwa likizo, akahamishiwa depo, bohari ya mizigo, kuhesabu magunia mlangoni, akarudishwa kwa sababu hapakuwa na mwenye hati kama yake, na Jumatatu aliyorudi akaomba tena. Mwishowe vililetwa viti saba vilivyochakaa kutoka chumba cha kungojea treni.

“Placide, mutoto wangu,” aliniambia, “baboy njo banasimama. Kalani anaikala. Ile kiti unaona pale, haiko kiti. Iko jina yangu.”

Nililishika neno lile, kwamba boi husimama na karani hukaa, kama katekisimu. Nikakaa. Nilikaa kazini, nikakaa nyumbani, na Jumapili nilitoa kiti mbele ya nyumba nikakaa ili wapitao wajue kwamba pale pana karani. Hata njia ya dakika ishirini kutoka Kamalondo hadi mjini hatukuitembea. Nilikuwa na baiskeli, na kila asubuhi Papa Gaspard alipanda nyuma, kofia kichwani, mkoba mapajani, akisema kwamba kiatu cha kushoto kinambana. Kiatu kile kilimbana mwezi wa kwanza, kikambana mwezi wa tatu, na mimi sikujiuliza ni kiatu gani hicho kisichokubali kulegea. Mwenyewe nilikuwa na yangu. Miguu ilikufa ganzi kabla ya saa nne, mgongo uliniuma hadi usingizini, tumbo lilifunga siku nne siku tano, na suruali yangu ya kazi ilianza kukataa kufungwa. Sikumwambia mtu. Karani kulalamika kwamba kukaa kunamuumiza, si angechekwa na mji mzima?

Suruali ndiyo iliyonipeleka kwa Ramazani. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka minne, wa ukoo wa watu wa Maniema, na alishonea barazani pa nyumba ya marehemu baba yake. Palikuwa na cherehani, pasi ya makaa, na mlango mzee uliolazwa juu ya nguzo nne kuwa meza ya kukatia nguo. Alikuwa na ulimi mkali. Aliigeuza suruali yangu, akaivuta, akanitazama.

“Hii patalo nilikushonea mwezi gani, kalani?”

“Wa pili.”

“Na sasa tuko mu mwezi wa saba. Donc kwa miezi tano umekula biro muzima, na bameza yake?”

Nikamwambia apanue suruali, aache maneno. “Nitapanua,” alisema, “mais kosa haiko ku patalo.” Akanipima kiuno huku akinung'unika. Nilikaa pale nikimngoja, na nikaona jambo lililonishangaza: fundi huyu, ambaye kazi yake ni ya kukaa, hakukaa. Alishona mpaka uzi wa bobini ukaisha, akainuka. Akakata kidogo amesimama, akapuliza makaa ya pasi, akachota maji, akarudi kushona. Bobini ikaisha, akainuka tena. Adhana ilipolia alitawadha, akaswali, akarudi. Nilimuuliza kama cherehani inamchoma matako. Akacheka, halafu akaacha kucheka. “Baba yangu alikuwa anaikala pale unaona, toka asubui paka mangaribi. Mugongo ikapinda, miguu ikavimba, akakufa bila kunioza bibi. Miye nilijiambia: bobini ikiisha, nasimama. Hata mufalme akuwe anangojea koti.” Nilirudi nyumbani na suruali yangu, na maneno yake nikayaacha barazani.

Jumapili nilikula kwa Papa Gaspard. Hadi leo nikifumba macho naona chumba kile: meza yenye kitambaa cha mpira cha maua ya njano, picha ya harusi ukutani, viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, na pazia la buluu lililotenga chumba cha kulala. Mkewe, Mama Véronique, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyepika kama anayelisha kambi. Alileta bukari, ugali wetu, inayofuka, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa karanga, samaki mkavu wa Kasenga, na baadaye kinywaji cha munkoyo, baridi, kwenye kibuyu. Nilikuwa mbali na kwetu na meza ile ilinishibisha zaidi ya tumbo. Sijapata kuwashukuru inavyostahili, na kama kurasa hizi zina kazi yoyote, kazi yake ya kwanza ni hiyo.

Jumapili moja, baada ya kula, nilisinzia pale mezani. Wao walikuwa nyuma ya pazia. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni.

“Leo iko na moto zaidi, Gaspard,” Mama Véronique alisema.

“Sema polepole. Mutoto eko kule.”

“Tuende ku docteur.”

“Docteur iko ya kampuni. Akiona, ataandika. Akiandika, banitoe ku kiti, banipeleke ku depo. Miye nisimame tena ku mulango, muzungu apite aniite boy? Hapana, Vero. Afazali muguu ioze.”

Nilisikia kila neno. Nikajifanya nakoroma. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa kijana, na aibu ya mkubwa wangu niliiona kubwa kuliko mguu wake. Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hawakusema chochote juu ya yule anayemsaidia kuficha.

Na nilifanya baya zaidi ya kunyamaza. Papa Gaspard alikuwa anakaribia kutimiza miaka ishirini kazini, na sisi sita tukapatana kumheshimu kwa zawadi ambayo haijapata kuonekana katika ofisi ile: mto wa nne. Wazo lilikuwa langu. Tulinunua mahameli nyekundu ya divai na sufi tele, na mimi nikapeleka kwa Ramazani. Aliuliza mto ni wa nani. Nilipomtajia jina aliishika mahameli mikononi kitambo, akaikunja, akaiweka chini ya meza. “Rudi kesho,” alisema.

Nilirudi kesho. Akasema kesho. Wote tunawajua mafundi cherehani, kesho yao ni ndugu wa kiama, kwa hiyo juma la kwanza sikukasirika. Juma la pili alisema uzi wa rangi ile umekosekana. La tatu alisema sindano imevunjika, na huku anashona mbele yangu. Siku zilikuwa zimebaki chache. Nikapandwa na hasira, nikamwambia kama hataki kazi anirudishie kitambaa changu. Ramazani alisimamisha cherehani. Akanyoosha mkono juu ya kamba, akashusha suruali nyeusi ya Papa Gaspard, niliyoijua vizuri, maana kila asubuhi ilikaa nyuma ya baiskeli yangu.

“Fundi hasemi mambo ya mwili ya bantu,” alisema. “Bantu banavua mbele yangu sawa mbele ya padri wenu. Miye sisemi kitu. Mais weye uko kalani, unajua kusoma. Basi soma.”

Akaigeuza ndani nje na kuitandaza. Mguu wa kulia ulikuwa kama alivyoushona. Mguu wa kushoto ulikuwa umefumuliwa na kupanuliwa, na alama za mishono ya zamani zilionekana moja baada ya nyingine, tatu, mpaka kitambaa cha akiba kikawa kimekwisha na pembeni ameongeza kiraka chembamba. Niliisoma. Sijapata kusoma hati iliyoniogopesha vile.

“Sasa panda hapa,” Ramazani alisema, akipiga meza ya kukatia. Nikakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Akarudi kwenye cherehani, akatia bobini mpya, akaanza kushona bila haraka. Alipomaliza uzi, ukingo wa mlango ulikuwa umeyauma mapaja yangu kwa chini na nyayo zimejaa sindano. Akaniuliza, “Umeikala bobini moja. Yeye iko na bamito tatu, miaka mingapi? Na weye unaniletea ya ine?”

Nilishuka. Miguu haikunitii, nikaegemea meza kwa mikono yote miwili ili nisianguke, na hapo ndipo nilipotambua kitu. Viwiko vyangu vilikuwa vimetua juu ya mbao, sawasawa, bila kuinama wala kuinua mabega. Mikono yangu ilikuwa inaijua meza hii. Ilikuwa na kimo kilekile cha meza za ofisini. Ramazani alinitazama na kutingisha kichwa. “Meza ya kukata iko ya kusimama,” alisema. “Ile yenu pia. Nani alikuambia iko ya kuikala?” Nikamwambia ni nani, na jinsi alivyokipata kiti kile, Jumatatu kwa Jumatatu. Ramazani alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alisema tu kwamba mtu wa namna ile asingefaa kufa kwa ajili ya mto.

Kesho yake asubuhi, njiani, nilimwambia Papa Gaspard kwamba najua habari za mguu, na kwamba meza zile ni za kusimama, na kwamba tungeweza kusimama kidogo na kukaa kidogo. Sikumtaja fundi. Alinigonga bega nisimame. Akashuka kwenye baiskeli, akarekebisha kofia. “Miye nilisimama miaka tano ili weye uikale,” alisema. “Leo unataka nisimame mbele ya Kengele? Enda.” Akaenda kwa miguu, akichechemea, na majivuno yake yote mgongoni. Ofisini hakunisemesha siku ile wala iliyofuata. Nilimtazama akipanda mito yake, viatu vikining'inia, na cha kushoto kilikuwa hakifungwi tena kamba. Nilipenda kulia.

Nilikwenda kwa Mama Véronique mchana, wakati mumewe amelala. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilimweleza yote, suruali, mishono, mto wa nne. Aliweka ungo chini. Akasema asante, mwanangu, na akaniuliza swali moja tu: fundi huyu, kesho yake ni ndefu kiasi gani? Nikamwambia sijapata kuuona mwisho wake.

Jumatatu iliyofuata nilipopita na baiskeli kumchukua Papa Gaspard, nilisikia ngurumo toka nje. Suruali zote, ya kazi, ya misa, ya mazishi, hata ile kuukuu ya kulimia, hazikuwamo. Mama Véronique alikuwa ameziamkia mapema na kuzipeleka kwa fundi. “Zilikuwa zinakubana,” alisema kwa upole. “Fundi anasema tutapata kesho.” Papa Gaspard alisimama katikati ya chumba, shati jeupe, tai imefungwa, mkoba mkononi, na chini amejifunga kitenge cha mkewe chenye picha za ndege. Karani wa miaka ishirini! Kutoka hivyo hakuweza. Alinituma mbio kwa Ramazani, nami nilikwenda mbio kweli, na Ramazani akanijibu mbio, “Kesho!” Nikarudi na jibu. Papa Gaspard alikaa kitini akafunika uso, na mimi sikujua kama nicheke au nikimbie.

Saa nne aliingia jirani yao, muuguzi wa hospitali ya weusi, ambaye Mama Véronique alikuwa amemwita tangu jana yake. Hakuhitaji kumvua mtu. Alikitazama kitenge kilipoishia, akapiga magoti, akaubonyeza mguu kwa kidole, akaona alama ya kidole ikibaki kama kwenye unga. Uso wake ulibadilika. Hakungoja kesho. Walimpeleka hospitalini siku ileile, amelazwa juu ya mkokoteni wa jirani, kitenge cha ndege na tai ya hariri, na Mama Véronique akitembea kando yake, ameshika kofia. Daktari alikuta damu imeganda ndani ya mguu. Alisema angeendelea kuining'iniza miguu vile juma moja au mawili, damu ile ingeweza kupanda kifuani, na hapo asingeitwa daktari bali padri.

Alilala hospitalini majuma mengi, akichomwa sindano, mguu umeinuliwa juu. Na jioni ya siku ya tatu Ramazani alitokea mlangoni mwa wodi na kifurushi. Ulikuwa mto wa nne. Ameushona kwa mahameli yetu, mrefu na mwembamba, wenye bonde katikati la kulaza mguu. Papa Gaspard aliubonyeza kwa kidole, akamtazama fundi.

“Weye njo uliiba mapatalo yangu.”

“Hapana, Papa. Zitakuwa tayari kesho.”

Tukacheka sote, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua sababu. Papa Gaspard alicheka huku machozi yakimtoka. Halafu akaniita karibu, akanishika mkono.

Ilibaki hofu moja, ileile ya kwanza. Daktari aliandika kwamba mgonjwa atarudi kazini lakini asikae siku nzima. Kengele aliisoma barua mbele yetu akaikunja. Karani asiyeweza kukaa, alisema kwa Kifaransa chake kikavu, si karani, depo inamngoja. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliondoa mto wangu, nikausukuma ukutani, nikasogeza kiti kando, nikasimama mbele ya meza. Kengele ikalia mara mbili. Nikaendelea kuandika. Ikalia tena. Wenzangu waliinamisha vichwa, mmoja akaninong'oneza kwamba nimekuwa boy. Kengele alitoka, akaja nyuma yangu, akasoma ukurasa juu ya bega langu. Haukuwa na kosa. Nilimwambia kwamba meza ilitengenezwa hivi, na kwamba kila ukurasa ukiisha nitakaa, na wa pili ukiisha nitasimama. Alirudi kwenye kioo chake. Kila siku aliigonga kengele, na kila siku nilimpa kurasa nyingi kuliko za jana, na mgongo wangu, ambao sikuwa nimeuambia mtu, uliacha kuniuma.

Papa Gaspard alirudi Jumatatu. Alikuja kwa miguu, polepole, na fimbo, amevaa suruali mpya yenye miguu miwili mipana sawasawa, hata usijue upi ni upi. Chumba kizima kiliinuka kumpokea. Aliiendea meza yake. Mito mitatu ilikuwa bado juu ya kiti, imefutwa vumbi. Aliitazama, akaitazama meza, akanitazama mimi niliyesimama. Sijui alipigana na nini ndani yake kwa dakika ile, lakini niliona kwamba anapigana. Alishusha mito chini, mmoja mmoja, akasogeza kiti kando kidogo, akafungua wino, akaanza kuandika amesimama. Hati yake ilikuwa ileile.

Kengele ililia. Hakuinua kichwa. Ikalia tena, kwa nguvu, halafu Kengele mwenyewe akatokea, uso mwekundu, akaashiria kiti kwa kidole. “Kaa, Gaspard.”

Papa Gaspard alikausha mstari wake. Akaweka kalamu. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, kama mtu anavyomshika mtoto wake begani. “Bwana,” alimjibu kwa Kifaransa safi, bila kupandisha sauti, “zamani nilisimama kwa sababu mlininyima kiti. Leo kiti ni changu. Nikitaka nitakaa.” Akachukua kalamu. Kengele alisimama pale, akautazama ukurasa, akageuka. Wala hakusema ndiyo, lakini barua ya depo haikuja siku ile, na haikuja kamwe. Kabla ya mwaka kwisha karibu wote tulikuwa tunasimama ukurasa mmoja na kukaa mmoja, makreti ya sabuni chini ya miguu wakati wa kukaa, na mito ya ziada ikarudi nyumbani kulaliwa na watoto.

Papa Gaspard aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwatembeza binti zake wawili hadi altareni, na alikufa mzee, na miguu yake yote miwili. Nikihesabu walionipa mwili huu unaonibeba hadi leo, siwezi kumtaja mmoja bila mwingine: yule aliyenipigania kiti, na yule aliyeninyanyua kutoka juu yake.

Siku ya tatu ya matanga nilisimama tena. Mjukuu wa Ramazani alikuwa karibu, na safari hii hakuuliza habari za choo. Alikivuta kiti changu, akakifuta kwa leso, akaniwekea nyuma ya magoti. “Papa, ikala basi. Tunakuomba.”

Nikaweka mkono juu ya mgongo wa kiti. Ulikuwa wa plastiki, na joto la jua limeuingia.

“Acha hapo, mwanangu,” nikamwambia. “Iko yangu. Sasa simama na weye, tuende paka ku jikoni, nikuambie namna babu yako aliiba mapatalo.”